Koku, Darasa Lako la Jumamosi

Koku,

Mwangaluka, ingawa sasa ni jioni. Wewe ndiye uliyenizoesha salamu hiyo saa zote. Katika Kisukuma chote kilichokuzunguka hapa Mwanza uliokota neno hilo moja tu, tena la asubuhi, ukaridhika nalo, ukawa unaligawa mchana na jioni bila aibu, mpaka mama wa maandazi pale kwenye geti la chuo akakubatiza Madamu Mwangaluka. Na ulikuwa unaitika, tena kwa raha zako. Siku hizi nikipita ananifungia maandazi kimyakimya, haniulizi kitu, na mimi simwambii kitu. Tunaogopana.

Nakusalimia hivi kirefu kwa makusudi. Wewe si mwajiri, sikuombi kazi. Unamkumbuka yule kijana wa uhasibu aliyeleta barua ya kuomba kazi benki, ya Kiingereza, na ukurasa mzima wa kwanza anamuuliza meneja habari za nyumbani, watoto wanaendeleaje, huko mvua zimenyesha? Mimi nilitaka kumrudishia karatasi yake hapohapo. Wewe ulicheka mpaka ukashika meza, kisha ukamwambia amelelewa vizuri sana, ila salamu ni za kupeleka kwa miguu. Karatasi ikifika mezani kwa mtu iseme kwanza kilichoileta. Akatoka anacheka na yeye, na barua akaiandika upya siku hiyohiyo. Mimi nisingeweza. Mimi najua kukemea, Koku. Wewe ndiye uliyejua kufundisha.

Haya, kilichonileta.

Umekufa. Nimeliandika neno kama lilivyo kwa sababu ulikuwa hutaki maneno ya kuzungukazunguka. Kila mtu hapa chuoni anasema umetutoka, umetangulia, umepumzika. Umepumzika nini? Nani aliwaambia umechoka? Pale wodini ulikuwa na ripoti za wanafunzi chini ya mto, umezilalia, nesi akizitoa unazidai. Umekufa, na mimi nimebaki na hasira ambayo sijui niipeleke wapi, kwa hiyo nakuletea mwenyewe.

Ngoja nikusimulie mazishi yako. Wanafunzi wako walichanga wakakodi Kosta, tukavuka kwa kivuko cha Kamanga asubuhi, tukapita Sengerema na Geita mpaka kwenu Muleba. Mvua ilitunyeshea karibu njia nzima. Walikuzika kwenye kibanja, shamba la nyumbani kwenu, katikati ya migomba, ubavuni mwa baba yako, kama mila yenu inavyotaka. Mama yako alikuwa amekaa kwenye mkeka. Nikapiga magoti nikamwamkia, akaitikia marahaba kwa sauti ndogo mno, akaniuliza kama mimi ndiye Kabula uliyekuwa ukimsimulia kwenye simu. Nikasema ndiye. Basi tukashikana tukalia, yeye kwa Kihaya na mimi kwa Kisukuma, na sijui kama kuna aliyemwelewa mwenzake.

Kisha wanafunzi wakaja na barua yao. Mungu wangu, hiyo barua. Walikuwa wameiandika humo humo garini, barua ya rambirambi kwa mama yako, kwa Kiingereza. Kwa Kiingereza, Koku! Mama wa watu, na kahawa yake na migomba yake, anasomewa Kiingereza mbele ya kaburi la mwanawe! Mwanzoni niliona haya, nikataka kuwazuia. Halafu nikaelewa kwamba hawakuwa na zawadi nyingine. Hicho ndicho ulichowapa, na heshima ya juu kabisa waliyoijua ilikuwa kuja kuonyesha kwenu kwamba wamekipata. Leticia, yule wa ugavi anayekaa mbele kabisa, akasimama akaisoma. Mama yako akanigeukia mimi, ikabidi nifasiri kwa Kiswahili palepale, padri na wazee wa ukoo wote wananitazama.

Walifuata utaratibu wako wote. Kichwa cha barua katikati, kimepigiwa mstari: kuhusu kifo cha mwalimu wetu. Sentensi ya kwanza inasema kilichowaleta. Salamu hakuna hata moja. Halafu yaliyotokea, halafu waliyojifunza kwako, na mwishoni, we Koku, wakaweka mapendekezo! Kwenye rambirambi! Inapendekezwa kwamba mama asiachwe peke yake. Inapendekezwa kwamba apigiwe simu kila Jumapili baada ya misa, na mtekelezaji awe Leticia. Nilipofika kwenye mtekelezaji sikujua nacheka au nalia. Wewe ungekuwa umeshakaa chini, umeshika mbavu.

Mama yako alisikiliza mpaka mwisho. Alipoona nimemaliza akaniuliza polepole, sasa mbona watoto hawa hawajanisalimia? Weee! Nikawageukia, nikawaambia jamani, adabu zenu mmeziacha Mwanza? Wakaja mmoja mmoja wakapiga magoti kwenye tope na nguo zao nzuri, shikamoo mama, shikamoo mama, na yeye marahaba, marahaba, kila mmoja anamshika kichwani kama anambariki. Walipomaliza akaniomba nirudie ile ya simu, kwa kuwa hakuisikia vizuri. Aliisikia. Alitaka tu kuisikia tena.

Na Leticia anapiga kweli, usidhani. Huwa anasimama pale nje kwenye mawe, mahali penye mtandao mzuri, anasikiliza habari za migomba na za mbuzi aliyezaa. Ananiambia mama yako anakutaja kama mtu aliye safarini. Hamkatizi.

Tuliporudi ndipo nilipoitwa na mkuu wa taaluma. Usimchukie, msibani alilia kuliko wengi. Akaniambia darasa lako la Jumamosi la kuandika Kiingereza halimo kwenye ratiba ya chuo na halijawahi kuwemo, lilikuwa likienda kwa moyo wako tu, na sasa mwenye moyo hayupo. Chumba kinatakiwa kwa kozi fupi za kompyuta. Akasema kuandika Kiingereza kumeshaingizwa kwenye somo la stadi za mawasiliano, kwa hiyo muhula ukiisha litafungwa, labda apatikane mtu wa kupeleka andiko kwenye baraza la taaluma kueleza kwa nini lisifungwe. Andiko la Kiingereza, bila shaka. Nikasema nitaliandika mimi. Yaani nilisema hata kabla hajamaliza, unanijua mdomo wangu.

Maana walikuwa wanataka kuniulia na kile kilichobaki. Sikuwa na kitu kingine chako. Nguo zako ndugu zako wamegawana, ndivyo inavyotakiwa, nami nilipewa kitenge kile cha kijani ambacho sijaweza kukivaa. Nyumba yako pale Kirumba ina mpangaji mwingine, ametundika mapazia ya ajabu. Darasa ndilo lililokuwa mahali pekee ambapo ukifungua mlango unakuta bado watu wanafanya ulivyotaka wewe.

Unakumbuka lilivyoanza? Ni yule kijana aliyefanya mafunzo kwa vitendo Ukerewe, kwa wachuuzi wa samaki, akaleta ripoti ya Kiingereza kilichonyooka kweli kweli, na kwenye ukurasa wa shukrani anamshukuru mkurugenzi wa kiwanda cha saruji. Saruji, Ukerewe! Alikuwa ameinunua steshenari pale chini, ikiwa imeshaandikwa, kama wanavyofanya wote. Wanabadilisha jina na mwaka, basi. Mimi nikasema afukuzwe. Wewe ukamkalisha, ukamuuliza kwa Kiswahili, hebu niambie, kule ulikuwa unafanya nini hasa? Akaanza kwa kusitasita, mara barafu, mara mizani, mara dagaa wanavyoharibika mvua ikiwakuta wameanikwa, akanogewa, akaeleza mpaka chai yetu ikapoa. Ukaniagiza mimi niandike kwa Kiingereza ninachosikia. Nikaandika, ukamsomea, na kila nilipokosea akasema hapana mwalimu, sicho. Tukarudia na kurudia mpaka akasema ndicho, ndicho nilichosema. Alikuwa anashangaa, anaitazama karatasi kama mtu aliyekuta picha yake.

Basi ukawa umepata njia yako. Hakuna kugusa Kiingereza kabla hujamweleza mwenzako kwa Kiswahili mpaka akuelewe. Mwenzako ndiye anayeandika, na wewe mwenye jambo ndiye unayesema ndicho au sicho. Halafu mnabadilishana. Wenzetu idarani walikucheka, eti Mhaya mzima na Kiingereza chake anafundisha Kiingereza kwa Kiswahili. Uliwaacha wacheke. Ulisema mtu hawezi kuandika kwa lugha ya pili jambo ambalo hajawahi kulisema kwa lugha yoyote.

Na sisi wenyewe tuliishi hivyohivyo. Tangu siku hiyo sikuandika tena jambo la maana peke yangu. Ombi langu la masomo, taarifa za idara, hata malalamiko yangu ya kutopandishwa daraja, yote nilikuja mezani kwako nikafoka kwa Kiswahili, wewe ukaandika Kiingereza chenye adabu. Na ya kwako niliandika mimi. Ulikuwa unasema wewe unaniondolea matusi na mimi nakuondolea majivuno. Tulipendeza, jamani.

Sasa nikakaa na andiko la kukutetea wewe. Nikaandika kwamba marehemu alikuwa mfanyakazi mwenye bidii, anayejituma na kushirikiana vizuri na wenzake. Nikasoma. Steshenari tupu! Ungebadilisha jina tu, ungemzika nalo mtu yeyote. Nikafuta. Nikaanza upya, ikaja ileile. Nikajaribu kujieleza kwa Kiswahili ofisini, nimefunga mlango, najifanya nakueleza wewe, na kila nikifika pale ambapo ungenikatiza, hunikatizi. Ule ukimya, Koku. Sijui watu wanauvumilia vipi. Nililaza kichwa mezani nikalia mpaka mfagizi akagonga mlango kuuliza kama kuna mgonjwa.

Muhula ukawa unaelekea kuisha na andiko hakuna. Mkuu wa taaluma akaniuliza kwenye korido, nikamwambia liko njiani. Halikuwa njiani popote.

Jumamosi moja nikaenda kwenye chumba cha darasa lako kuchukua vitabu vyako kabla kompyuta hazijaletwa, nikijua hakuna mtu. Walikuwepo. Hakuna aliyewatangazia, hakuna mwalimu, na wao wamegeuza viti viwili viwili vinatazamana, wanaelezana mambo yao kwa makelele yale yale. Nikasimama mlangoni. Nikawaambia waende makwao, darasa linafungwa, andiko limenishinda. Nilisema kwa ukali, maana nisingekuwa mkali ningeanguka. Hakuna aliyenyanyuka. Leticia akavuta kiti, akakiweka mbele yangu, akasema, mwalimu, tueleze sisi.

Nikawaeleza. Mayu wane, mama yangu, nilieleza! Nilieleza jinsi ulivyokuwa unasahihisha huku unakula embe na chumvi, wanafunzi wanarudishiwa kazi zina alama za vidole. Nilieleza ulivyokataa uhamisho wa Dodoma kwa kuwa kundi moja lilikuwa katikati ya ripoti, na mimi nikakuita mjinga siku hiyo, na ukakubali kwamba ni mjinga, na hukwenda. Nikaeleza ya wodini, ambayo wengi hawakuyajua yote: kwamba kalamu ilipokushinda kushika uliagiza waje wakusomee, wewe umefumba macho, na kila uliposikia sentensi ambayo si ya mwenyewe, ya kuokoteza, unainua kidole. Manesi walidhani unawaita. Na kwamba mara ya mwisho mimi ndiye niliyekuwa nakusomea, ripoti ya Leticia, na kidole hakikuinuka hata mara moja. Nikafurahi, nikadhani msichana ameiva. Kumbe ulikuwa umesinzia. Ulipofumbua macho ukasema, samahani Kabula, nimekosa katikati, anza tena. Nikaanza tena. Hukunisemesha tena baada ya hapo.

Walikuwa wanaandika wote, wengine machozi yanadondokea karatasi. Nilipomaliza, wakaanza kunisomea walichosikia, Kiingereza chao, mmoja baada ya mwingine, na mimi ndiye mwenye jambo. Nilisema sicho mara nyingi kuliko ulivyowahi kusema wewe. Mmoja aliandika ulikuwa malaika. Nikamwambia sicho, alikuwa hasemezeki kabla ya chai. Mwingine aliandika uliwapenda kama mama yao. Sicho, mama zenu mnao, huyu alikuwa mwalimu. Wakafuta, wakaandika tena, wakasoma tena. Ikafika zamu ya Leticia. Akasoma kwamba kabla yako hakuwahi kukutana na mtu mwenye elimu aliyemsikiliza mpaka amalize, na kwamba tangu hapo amekuwa na kitu cha kuandika. Nikasema ndicho. Nikawaachia waliunganishe andiko wenyewe.

Andiko likatoka fupi. Halina kujituma wala bidii. Lina embe, lina kidole, lina saruji ya Ukerewe, na lina hiyo sentensi ya Leticia mwanzoni kabisa. Nikalipeleka kwa mkuu wa taaluma bila kubadilisha kitu, nikaondoka haraka nisije nikaulizwa.

Baraza limekubali, Koku. Limekubali! Jana wamebandika ratiba mpya ubaoni na darasa limo, Jumamosi asubuhi, chumba kilekile, na kompyuta zimetafutiwa kwingine. Kwenye nafasi ya mwalimu wameandika jina langu. Wanafunzi walipiga vigelegele mpaka watu wakatoka ofisini. Leticia alinikumbatia, mkuu wa taaluma akanipa mkono akasema Koku angefurahi. Nikasema asante. Nikatabasamu. Kisha nikaenda chooni nikajifungia, nikaomboleza kama siku ile nilipofika hospitali nikakuta kitanda kimetandikwa.

Sikuwa nimefikiria mbele. Wakati wote lilipokuwa linataka kufungwa lilikuwa lako. Watu wote waliliita darasa la Koku. Nilikuwa naamka asubuhi nina jambo la kukufanyia, nakimbia huku na huku kwa ajili yako, ofisi hii na ile, kama nilivyokuwa nakimbia na uji na chupa ya chai ulipokuwa umelazwa. Nadhani humo ndani yangu, mahali nisipopafikia, nilikuwa naamini kwamba nikishinda utaruhusiwa kutoka. Sasa nimeshinda na hakuna aliyetoka. Kuna jina langu tu, mahali pako. Darasa limepona. Wewe hukupona.

Nimekaa na jambo hili tangu jana na sijapata la kulifanya, ila kukuandikia. Nimekukumbuka, we mwanamke. Nimekukumbuka mpaka mwili unauma, mabega haya, na hapa chini ya shingo. Nakasirika ninapoona watu wa umri wetu wamebeba vikapu wanabishana sokoni kwa amani zao. Kwa nini wao?

Lakini nakuahidi, na unajua ahadi zangu huwa nazitoa huku nimenuna. Sitawafundisha kwa upole, upole sina, uliondoka nao. Nitawafokea. Ila nitawaacha waseme mpaka mwisho kabla sijafungua mdomo, hata yule anayezunguka, hata yule anayeanzia kwa bibi yake kule Magu ndipo afike kwenye ripoti. Kila atakayeingia kwenye chumba kile na maneno ya kununua atatoka na ya kwake. Na likizo nitakwenda Muleba kukaa na mama yako, nimsaidie kupalilia, mimi ambaye jembe nimelikimbia tangu shule ya msingi.

Kesho ni Jumamosi. Funguo wamenipa, ninazo hapa. Siku ile kwenye migomba nilitupa udongo kama wengine, lakini sikukuzika, Koku, niliigiza tu. Nikiufungua mlango ule kesho nikaingia kama mwenye chumba, ndipo nitakuwa nimekuzika.

Nitaufungua. Kwaheri, rafiki yangu.

Kabula